Barafu Ikijaa Kwenye Friji: Isome Kabla Hujaiyeyusha

Simu ninazopigiwa zaidi, hasa masika na zile wiki za joto kali kuanzia Desemba, huanza hivi: "Fundi, friji yangu inagandisha mno, nadhani gesi imezidi. Njoo unipunguzie." Nikifika nakuta mlango wa friza haufungi kwa sababu mlima wa barafu umeusukuma, samaki wameng'ang'ania kwenye ukuta, na mwenye nyumba ana kisu cha jikoni mkononi. Gesi haijazidi. Mara nyingi mkosaji ni mpira wa mlango uliochanika pembeni, au tundu dogo la kutolea maji lililoziba kwa punje za wali.

Kwa hiyo weka kisu chini, na plagi usiichomoe bado. Tazama kwanza barafu imekaa wapi na ina sura gani, kisha ipige picha kwa simu. Barafu ndiyo ushahidi wako. Ukiiyeyusha bila kuitazama, friji itafanya kazi vizuri siku kadhaa, utafurahi, halafu mlima utarudi palepale nawe hujui ulikotoka.

Maji yanatoka wapi? Hayatoki kwenye gesi, maana gesi imefungiwa ndani ya mabomba na haikutani na chakula chako. Yanatoka kwenye hewa inayoingia ukifungua mlango, na kwenye mvuke wa vyakula vilivyoachwa wazi. Sisi tunaokaa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja tunaishi kwenye hewa iliyojaa unyevu, na kila mlango unapofunguliwa unyevu huo unaingia na kuganda kwenye sehemu yenye baridi kuliko zote. Friji hiyohiyo ukiihamishia Iringa itakupunguzia kazi hata kama hujagusa skrubu moja.

Jua kwanza una friji ya aina gani

Ziko za aina mbili, na ukizichanganya utahangaika bure.

Ya kwanza ni ile ya kawaida, ambayo kuta za friza zenyewe ndizo zinazopoa. Ukifungua unaona bati la aluminiamu au plastiki iliyobandikwa juu ya mabomba, na barafu inaota hapohapo. Kwa friji hii barafu kiasi si ugonjwa. Unatakiwa kuiyeyusha mwenyewe kila ikifika unene wa karibu nusu sentimita, kwa sababu zaidi ya hapo barafu inageuka blanketi: inazuia baridi kufika kwenye chakula, kompresa (ile mota ya nyuma inayosukuma gesi) inakesha, na umeme unaliwa. Baadhi zina kitufe katikati ya kitasa cha themostati, yaani kidhibiti cha baridi. Ukikibonyeza kompresa inasimama, barafu inayeyuka, kisha inajiwasha yenyewe.

Ya pili imeandikwa No Frost mlangoni. Ndani kuta ni plastiki tupu, kuna matundu yanayopuliza hewa baridi, na koili, yaani mabomba yanayopoza hewa, imejificha nyuma ya kava pamoja na feni na hita. Hita huwaka mara chache kwa siku na kuyeyusha barafu kabla haijanenepa. Friji ya aina hii ikionyesha barafu nene popote, kuna kitu kimeharibika au mlango unavuja. Hakuna tafsiri nyingine.

Kusoma barafu

Theluji laini kama unga, iliyotanda sawasawa kwenye kuta zote za friza ya kawaida, ni unyevu wa hewa. Mlango unafunguliwa mno, au vyakula havifunikwi, au ni muda mrefu tu umepita bila kuiyeyusha.

Ikiwa imerundikana karibu na mlango, au kona moja imenenepa kuliko nyingine, hewa inapita hapo. Nenda moja kwa moja kwenye kipande cha mpira kilicho karibu na kona hiyo.

Barafu ngumu, angavu kama kioo, iliyolala sakafuni mwa friza chini ya droo, ni maji yaliyokosa njia ya kutoka. Tundu la maji limeziba. Dalili pacha yake ni dimbwi chini ya droo za mboga.

Ukuta wa nyuma wa sehemu ya chini, ile ya mboga na maji ya kunywa, kwenye friji nyingi za kawaida huwa na matone au ukungu mwembamba wa barafu. Hilo ni jambo la kawaida, huyeyuka kila kompresa ikipumzika. Ikiwa imenenepa na haiyeyuki, basi kompresa haipumziki: ama themostati imewekwa namba ya juu kabisa, ama imekufa, ama kuna sufuria iliyobanwa ikagusa ukuta.

Sasa ile inayowachanganya wengi. Barafu nene imeshika sehemu moja tu ya friza, pale bomba linapoingilia, huku upande mwingine umekauka na nyama inalegea. Hapa watu husema gesi imezidi kwa sababu wanaona barafu. Ukweli ni kinyume: gesi imepungua au njia yake imeziba kidogo, kwa hiyo inaishia mwanzoni mwa mabomba bila kufika mwisho. Gesi ikizidi kweli, utaiona nje, nyuma ya friji: bomba nono linalorudi kwenye kompresa linaganda au linatoa jasho la kudondoka.

Na kwa No Frost: juu friza bado ina baridi, chini maziwa yanaganda mtindi, na unasikia feni ikikwaruza kitu. Koili imezibwa na barafu, hewa haipiti. Hii nina sehemu yake huko mbele.

Kuyeyusha bila kuitoboa

1. Zima themostati, kisha chomoa plagi. Kuzima themostati peke yake hakutoshi, nyaya bado zina umeme.

2. Samaki na nyama vipange vikigusana ndani ya ndoo yenye mfuniko au boksi la kupozea, ufunike kwa blanketi zito. Vikikaa pamoja vinapeana baridi.

3. Tandika matambara sakafuni na usukume sinia pana chini ya friza. Maji ni mengi kuliko unavyodhani.

4. Weka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili plastiki isipinde. Funga mlango robo saa, badilisha maji, rudia. Au fungua mlango wazi na uelekeze feni ya mezani ndani; kwa joto la Dar njia hii haina mshindani.

5. Vipande vikianza kulegea, visukume kwa mwiko wa mbao. Kisichotoka kiache kwanza.

6. Futa, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha kabisa. Tone unaloliacha ndilo barafu ya kesho.

Kuhusu kisu. Friza ya kwanza niliyoitoboa maishani ilikuwa ya shangazi yangu, kabla sijawa fundi. Alinituma nimtolee paketi ya kamba, nikachokoa kwa ncha ya kisu, ikasikika "sss" ndefu, na shangazi kutoka sebuleni akauliza kama nimefungua soda. Bati la aluminiamu ni jembamba, na njia ya gesi iko ndani yake hasa. Kuliziba inawezekana, lakini kazi yenyewe haidumu kama bati zima, na gharama yake inaumiza.

Siku hizi kuna sababu kubwa zaidi. Angalia kibandiko cha kompresa. Ukikuta R600a, hiyo ni isobutani, gesi inayowaka kama ile ya jiko. Ukiitoboa jikoni karibu na moto, hasara haitaishia kwenye friji. Kwa sababu hiyohiyo, mshumaa au jiko la mkaa ndani ya friza ni hapana. Na chumvi pia: inayeyusha kweli, lakini inakula aluminiamu pole pole na kukuachia vitobo ambavyo hutavijua hadi gesi iishe.

Kwa No Frost, saa mbili hazitoshi. Barafu iko nyuma ya kava, hutaiona ikiisha. Acha milango wazi saa 24, na umwage mara kwa mara kile kibakuli cha maji kilicho juu ya kompresa, la sivyo kitafurika sakafuni.

Mpira wa mlango

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, na wenye friji hushangaa kwa nini sifungui mabomba.

Chukua noti yoyote, ifungie kwenye mlango nusu ndani nusu nje, kisha ivute. Inatakiwa ikatae kidogo. Ikiteleza bila kipingamizi, mpira haubani hapo. Zunguka mlango mzima, kila baada ya upana wa kiganja, bila kusahau upande wa bawaba na kona ya chini. Watu hupima upande wa mkono tu kwa sababu ndio rahisi. Kisha usiku, zima taa za jikoni, washa tochi ya simu, iweke ndani ya friji na ufunge. Mwanga ukichungulia mahali, hewa nayo inapita hapo.

Kabla ya kununua mpira mpya, osha wa zamani. Mswaki uliochoka, maji ya uvuguvugu na sabuni, ingia kwenye mikunjo yote. Juisi ya embe ikimwagika na kukauka inaugundisha mpira kwenye fremu, na kila ukifungua mlango unauchana. Ukishakauka, paka Vaseline kidogo sana upande wa bawaba ili uteleze badala ya kujikunja.

Mpira uliolala au kupinda lakini haujachanika unaweza kufufuliwa. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, uubane nacho hadi ulainike, uvute taratibu urudi kwenye umbo lake, kisha funga mlango uache saa kadhaa. Nimeokoa mingi hivyo.

Uliochanika au ambao sumaku yake imekufa, badilisha. Pima kwa futi urefu na upana, kutoka mfereji hadi mfereji, na ukate kipande kidogo cha mpira wa zamani uende nacho dukani. Kariakoo kuna maduka ya spea za friji yenye mipira ya kila namna, lakini muuzaji hawezi kukisia umbo la mguu wa mpira unaoingia kwenye mfereji. Mpya huja umekunjwa. Uloweke kwanza kwenye maji ya moto unyooke. Anza kuubana kona nne, halafu katikati.

Ukiona mpira ni mzima na bado kuna mwanya juu, mlango umelegea: kaza skrubu za bawaba ukiwa umeunyanyua. Miguu ya mbele ya friji pia inyanyue kidogo kuliko ya nyuma, ili mlango ukiachwa nusu ujifunge wenyewe.

Na kuna wasiokuwa na kosa la mpira wala bawaba. Dada anayeuza barafu na lambalamba dirishani anafungua friza kila mtoto anapogonga. Friji ya nyumbani haikutengenezwa kwa biashara hiyo. Kama ndiyo riziki, tafuta friza la kulala lenye mfuniko juu: hewa baridi ni nzito, ukifungua inabaki chini badala ya kumwagika miguuni kwako. Mwezi wa Ramadhani hata nyumba zisizouza kitu hukumbwa na haya, sufuria ya tambi au mchuzi inaingizwa ingali inafuka. Acha chakula kipoe, kifunike, ndipo kiingie.

Themostati

Namba kwenye kitasa si nyuzi joto, ni ukali wa baridi. Katikati panatosha kwa nyumba nyingi. Ukitaka uhakika, laza kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya kati usiku kucha. Asubuhi kisome nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Friza inatakiwa karibu 18 chini ya sifuri.

Kama kompresa hainyamazi kabisa, zungusha kitasa hadi sifuri. Ikizimika, swichi ni nzima. Ikiendelea kunguruma, vigusio vya ndani vimeshikana na themostati inabadilishwa. Kuna kosa moja la kuchekesha: themostati ya kawaida ina mkia, waya mwembamba wa bomba unaopima baridi. Mkia huo ukichomoka kwenye kibanio chake, themostati inapima joto la mahali pengine, inadhani bado kuna joto, inaendelea kuamuru baridi. Kuurudisha ni kazi ya dakika tano.

Tundu la maji

Chini ya ukuta wa nyuma, ndani ya sehemu ya mboga, kuna kijimfereji na tundu. Maji yanapita hapo kwenda kwenye kibakuli juu ya kompresa. Chukua sirinji kubwa isiyo na sindano, sukuma maji ya uvuguvugu mara kadhaa hadi uyasikie yakidondoka nyuma. Likigoma, tumia mrija laini wa plastiki. Waya wenye ncha unaweza kutoboa bomba. Kwenye No Frost tundu liko chini ya koili, nyuma ya kava. Likiganda tena na tena ingawa umelisafisha, fundi anaweza kuning'iniza kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye hita hadi ndani ya tundu, ili joto la hita lishuke nacho. Ni ujanja wa zamani na unafanya kazi.

No Frost inapozibwa

Dalili yake haidanganyi: unaiyeyusha, inafanya kazi vizuri siku kadhaa au wiki hivi, kisha sehemu ya chini inaanza kupoteza baridi tena. Hiyo ni hita isiyowaka, au kitu kinachotakiwa kuiamuru.

Chomoa plagi, fungua kava la friza ukiwa na bisibisi, kabla ya kuyeyusha. Tazama koili. Ikiwa imefunikwa nyeupe yote, juu hadi chini, gesi iko sawa na tatizo ni uyeyushaji. Ikiwa imeganda mistari michache tu na mingine imekauka, rudisha kava na umwite fundi wa gesi. Hakuna kipimo kingine cha bure kinachokuambia mengi kiasi hicho, ndiyo maana nakataza kuyeyusha haraka.

Ikiwa ni nyeupe yote, yeyusha, kisha pima kwa maltimita (kipimo cha umeme), umeme ukiwa umechomolewa na waya wa kila kifaa umetenganishwa. Hita: kwa umeme wa volti 230, hita ya wati 150 husoma karibu omu 350. Isiposoma chochote, imekatika. Fyuzi ya joto, ambayo mara nyingi imeandikwa namba kama 72 au 77, inatakiwa ipitishe umeme wakati wote. Ile baimeto, swichi ya joto yenye umbo la kiduara iliyobanwa kwenye bomba la koili, ina tabia yake: kwenye joto la chumba haipitishi, ikiwa kwenye baridi kali ndipo inapitisha. Nimeona nyingi nzima zikitupwa kwa sababu zilipimwa mezani. Ilaze kwenye friza ya jirani, kisha uipime ikiwa bado imeganda.

Friji za zamani zina taima ya kuzunguka: baada ya saa 6 hadi 12 za kazi inazima kompresa na kuwasha hita kwa dakika 20 au 30. Izungushe kwa bisibisi taratibu hadi ilie "tik" na kompresa inyamaze. Hita ikipata joto hapo lakini kwa siku za kawaida haiwaki, taima imesimama. Mpya zina bodi na sensa, na bodi ni kazi ya fundi mwenye mchoro wake. Feni nayo jaribu: bonyeza swichi ya mlango kwa kidole kompresa ikiwa kazini, uisikilize.

Ukimwita fundi wa gesi

Gesi ya friji si kama ya kupikia, haitumiki ikaisha. Ikipungua, imevuja. Fundi anayekuja na mtungi, akaongeza, akachukua hela na kuondoka bila kutafuta panapovuja amekuuzia wiki chache. Muulize maswali matatu: panavuja wapi, utabadilisha filta, utavuta hewa kwa pampu? Hewa yenye unyevu ikibaki ndani, unyevu huganda kwenye kile kibomba chembamba kuliko vyote, na utapata friji inayopoza, inaacha, inapoza tena.

Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye kibandiko kwa gramu. R600a huwa ni makumi machache tu ya gramu, kwa hiyo hupimwa kwa mizani, si kwa macho. Asiweke R134a, gesi ya aina nyingine, kwenye friji ya R600a, na asiwashe moto wa kuchomelea kabla gesi haijatolewa nje na madirisha kufunguliwa.

Kuwasha tena

Isogeze friji itoke ukutani kiasi cha sentimita kumi, fagia vumbi kwenye nondo za nyuma. Washa ikiwa tupu, ikae saa kadhaa ipate baridi, ndipo urudishe vyakula bila kuziba matundu ya hewa. Ukizima, subiri dakika tano kabla ya kuwasha tena, kompresa isianze kwa shida. Kama umeme wa mtaani kwenu unacheza, frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya plagi na soketi, itakufanyia kazi hiyo.

Siku ya saba fungua, piga picha mahali palepale ulipopiga mwanzo, uzilinganishe. Barafu ikiwa imeanzia kona ileile, rudi kwenye mpira wa kona hiyo na noti yako.